Siku Ishirini na Moja za Mkono wa Nyamizi

Nyamizi alikwenda kumtazama mwanawe akicheza kwa mara ya kwanza katika siku ya sabini na tisa ya tiba ya mkono wake mwenyewe, na kabla hajamaliza chai aliyokaribishwa alikuwa ameshajua kwamba yeye ndiye aliyemharibia.

Ukumbi wa mazoezi ulikuwa karakana ya zamani ya reli pale Tabora. Vyuma viwili vya njia ya reli vilikuwa bado vimelala sakafuni, na kando yavyo zilipangwa meza, tano upande huu na tano upande ule, kila meza na kioo chake kipana kilichojikunja kama ganda la mti. Mchezo uliitwa Lango. Watano hulinda mlango wa mji usiokuwapo duniani, watano huushambulia, na mchezaji aliyepigwa hukaa pembeni mpaka raundi iishe. Katika miaka ile timu ya mtaa ilikuwa jambo kubwa. Watu walifunga maduka mapema ili kuitazama, na wachezaji waliofuzu mchujo wa kanda walihamia Dodoma kuishi na kujifunza kwa gharama ya ligi. Mchujo ulikuwa umebakiza wiki tatu.

Kalunde, binti yake wa pekee, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, ndiye aliyekuwa mpigaji wa mbele. Nyamizi alikuwa amesikia sifa za mkono wa binti huyo tangu sokoni hadi kanisani. Lakini Kocha Ndimila, mtu mpole mwenye upara na sauti ya chini, alikuwa amemwita makusudi. Alimvutia kiti, akamuuliza hali ya afya yake, akasubiri ajibiwe kikamilifu, ndipo akamwonyesha kioo cha Kalunde.

Alimwambia aiangalie alama ndogo nyeupe katikati ya kioo. Hiyo ndiyo shabaha, na huongozwa na kipanya kilicho chini ya mkono wa kulia. Mchezaji mzuri, alisema, haikimbizi alama huku na huko kama mtu anayefukuza nzi. Huiweka mapema mahali ambapo kichwa cha adui kitajitokeza, ili adui akitokea, kazi ya mkono iwe imebaki ndogo sana.

"Kalunde ndiye aliyewafundisha wenzake jambo hilo," alisema. "Sasa mwezi wa pili huu, mama yangu, halifanyi. Nimemuuliza anaumwa, anasema haumwi. Nimemuuliza anapenda mtu, akacheka. Nikaona nikuulize wewe."

Nyamizi alitazama. Ndani ya kioo Kalunde aliusogelea ukuta, akachungulia kona. Adui akatokea. Alama nyeupe ikakwepa kushoto, ikakwepa tena kushoto, kisha ikashuka kwa uzito mahali ilipotakiwa kuwa tangu mwanzo. Ilikuwa imechelewa. Kioo kikawa cha kijivu na Kalunde akatolewa.

Ikawa hivyo tena raundi iliyofuata. Kushoto, kushoto, chini.

Nyamizi aliunyoosha mkono wake wa kulia kuchukua kikombe. Mkono ukakwepa kushoto, ukakwepa tena kushoto, kisha ukashuka juu ya mpini.

Hakukinyanyua kikombe. Alikiacha pale kikapoa.

*

Bi Leokadia, mtaalamu wa tiba ya mikono, alizichomeka zile glavu mbili kwenye mashine asubuhi ya siku ya themanini, akasoma kumbukumbu zake kwa muda mrefu bila kuinua macho. Glavu hizo zilikuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu, kila moja ikiwa na taa ya kijani kwenye kifundo. Ziliitwa glavu pacha. Mgonjwa wa kiharusi alivaa moja, na mtu mwenye afya, hasa ndugu wa damu, alivaa nyingine.

"Nani alikuwa kiongozi?" aliuliza hatimaye.

Kalunde alimtazama mama yake, na Nyamizi akajionyesha kifuani.

Kiharusi kilikuwa kimempiga Nyamizi masika yaliyopita, akiwa katika ushirika wa wafuga nyuki alikofanya kazi ya kuchuja asali. Kiliuacha mdomo wake na miguu yake, kikauchukua mkono wa kulia. Alipopewa glavu, Bi Leokadia aliwaonyesha swichi ndogo: upande huu kiongozi, upande huu mfuasi. Siku ile ile ya kwanza, nyumbani, Kalunde aliivaa ya kiongozi, akauweka mkono mezani ili auongoze wa mama yake, na Nyamizi akaona fedheha ikimpanda hadi masikioni.

"Mkono huu nimeushika mimi ukiwa hujui kupeleka uji kinywani," alimwambia. "Leo wewe ndiye uniongoze mimi?"

Kalunde hakubishana. Alikuwa binti aliyelelewa. Alibonyeza swichi, akamfanya mama yake kiongozi na yeye akawa mfuasi, na tangu siku ile, kila asubuhi baada ya kumwamkia shikamoo, aliuweka mkono wake laini mezani, akauacha ufuate.

Bi Leokadia aliwaeleza bila kukaripia. Glavu ya kiongozi huusoma msuli kabla haujajongea, huupeleka ule mwendo kwenye glavu ya mfuasi kwa miguso midogo, na ubongo wa mfuasi, kwa kuwa hauwezi kuitofautisha miguso hiyo na mawazo yake wenyewe, huuhifadhi mwendo huo kama wake. Kiongozi hapotezi kitu wala hapati kitu, isipokuwa zoezi analolifanya kwa nguvu zake. Kwa hiyo kwa siku sabini na tisa Nyamizi alikuwa amejifanyisha mazoezi peke yake, na mkono mzima wa Kalunde ulikuwa umefundishwa ugonjwa.

"Kosa ni langu pia," alisema Bi Leokadia, akizichomoa nyaya. "Vitabu vya glavu hizi vimeandikwa na watu ambao hawakumfikiria mzazi atakayekataa kuongozwa na mwanawe. Mimi nami nina mama. Ningepaswa kujua."

Kisha akawaambia jambo lililobaki. Neva zilizojeruhiwa hukubali kufundishwa kwa siku mia moja. Baada ya hapo hujifunga kama tofali lililokwisha kuchomwa, na glavu huzimika yenyewe. Zilibaki siku ishirini na moja, pamoja na ile waliyokaa hapo. Muda huo ulitosha kuufundisha mkono wa Nyamizi kazi moja, si mbili. Na mkono wa Kalunde ungeweza kujirudia, lakini kwa njia moja tu: kwa kuongoza, tena kwa kuongoza kazi ile ile aliyotaka irudi.

*

Kazi aliyoitaka Nyamizi ilikuwa kuandika. Alikuwa katika mwaka wa pili wa darasa la kisomo cha watu wazima. Alikuwa amekwisha kuvuka herufi na majina ya vitu, akawa anaandika sentensi nzima kwa mwandiko uliolala kidogo kulia, mwandiko ambao mwalimu aliusifu mbele ya wenzake. Katika miaka arobaini na minane ya maisha yake alikuwa ameweka dole gumba kwenye karatasi zaidi ya alivyoweza kukumbuka, na sahihi yake mwenyewe alikuwa ameiweka mara tatu tu. Kisha kiharusi kikaja.

Kalunde alijua yote hayo. Njiani kurudi nyumbani alisema wataandika, na kwamba Lango lina misimu mingine. Alilisema kwa wepesi mno. Nyamizi naye alisema watacheza, kwa sababu yeye ameshaishi na dole gumba na halijamuua. Walibishana hadi ugali ukapoa, kila mmoja akimsukumia mwenzake siku zile kama watu wanaosukumiana kipande cha nyama cha mwisho katika sahani.

Mwishowe Nyamizi aliisogeza sahani kando. Alikuwa karibu kuamuru. Neno lilikwisha kumfika kwenye ulimi, na binti angelitii, kama alivyotii siku ya kwanza. Jambo hilo ndilo lililomtisha.

"Sitakuamuru," alisema. "Kiongozi sasa ni wewe. Mkono wako utakapokwenda, wangu utafuata."

Kalunde aliibonyeza swichi. Asubuhi yake aliweka daftari na penseli mezani.

Waliandika siku mbili. Nyamizi aliulegeza mkono wake kama alivyoelekezwa, akahisi mwendo ukimwingia kutoka nje, wa kigeni na wa joto, mfano wa maji ya kuoga yanayomwagwa na mtu mwingine. Lakini kila herufi ilikwepa kushoto mara mbili kabla ya kushuka. Herufi za Kalunde zilitetemeka, za Nyamizi zikatetemeka kwa kumfuata, na kurasa sita za daftari zikajaa alama zisizosomeka. Walikuwa wagonjwa wawili wakishikana mikono.

Jioni ya siku ya pili Kalunde alilifunga daftari. Alisema taratibu, akiwa ameinama, kwamba mkono wake hauwezi kumpa mama yake kitu ambacho wenyewe hauna. Lazima upone kwanza, na mwendo pekee uliokuwa umezama ndani yake kuliko ule ugonjwa ni wa mchezo. Huo ulianza akiwa na miaka tisa.

"Na ukipona siku zikiwa zimekwisha?" aliuliza. "Nitakuwa nimeutumia mkono wako kama ngazi, Mama."

Nyamizi aliona kwamba swali lilikuwa la kweli. "Basi panda," alisema. "Ila usinifiche chochote tena. Ungeniambia mwezi wa kwanza kwamba unakosa shabaha, tusingefika hapa."

"Ningekwambiaje? Ulikuwa unafurahi. Ulinyanyua kijiko."

*

Kwa hiyo Nyamizi akawa anakwenda karakanani kila siku saa tatu asubuhi, akakaa kwenye kiti kilichowekwa nyuma ya bega la binti yake, mkono wake wa kulia ukiwa juu ya ubao mdogo magotini. Sheria za ligi zilikataza glavu katika mashindano, si katika mazoezi.

Siku tatu za mwanzo hakuna risasi iliyopigwa. Kocha Ndimila aliwarudisha kwenye mwendo. Katika Lango, risasi inayopigwa mchezaji akiwa anatembea hupotea hewani. Ni lazima kwanza aue mwendo wake kwa kubonyeza kitufe cha upande wa pili kwa mkono wa kushoto, na katika ule muda wa kutulia, mfupi kuliko kupepesa jicho, ndipo wa kulia ufanye kazi. Kalunde alitembea kulia akasimama, akatembea kushoto akasimama, mara mia, mara mia mbili. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kazi moja: kungoja. Nyamizi alijifunza kungoja huko pamoja naye, na akaona ni kugumu kuliko kuchuja asali.

Baadaye ilikuja shabaha. Kalunde alikuwa amekipunguzia kipanya kasi, kikawa kizito, ili mwendo mkubwa utoke kwenye kiwiko na vidole vibakiziwe marekebisho madogo. Hakuruhusiwa kukimbiza. Alitembea kando ya kuta tupu akiiweka alama kwenye ukingo wa kila kona kwa kimo cha kichwa cha mtu, akiibeba kutoka kona hii hadi ile bila kuishusha, kama mwanamke aliyejitwika ndoo iliyojaa.

Wenzake waliuzoea uwepo wa Nyamizi, kisha wakaanza kumtania. Wande, msichana mrefu aliyecheza ubavuni, alimwambia kwamba akimaliza tiba watamsajili. Masele, aliyekuwa na maneno mengi kuliko risasi, alipotolewa na Kalunde katika zoezi la wawili wawili aligeuza kiti chake.

"Nikasimulie nini mtaani? Kwamba nimepigwa na Mama Kalunde?"

"Kasimulie kwamba nilikuwa nimekaa," alijibu Nyamizi, "na kwamba nina mkono mmoja."

Masele alijifunika uso kwa fulana, na Kocha Ndimila akacheka mpaka akaenda kusimama nje.

Lakini kulikuwa na kitu ambacho Nyamizi hakukitarajia, wala Bi Leokadia hakukitaja. Mkono wa Kalunde haukumletea mwendo peke yake. Kabla ya kila kona, mahali ambapo mtazamaji aliona utulivu, palikuwa na mkazo mdogo sana kwenye kiganja, kama mtu anayekaza ngumi moyoni. Nyamizi aliuhisi mara ya kwanza akadhani glavu ina hitilafu. Mara ya kumi aliutambua. Ilikuwa hofu. Binti ambaye mtaa mzima ulimwita jasiri aliogopa kila kona, aliogopa tangu alipokuwa na miaka tisa, na kila mara alikwenda hivyo hivyo.

Nyamizi alijifunza tu kuulegeza mkono wake zaidi pale ule mkazo ulipokuja, ingawa alijua kwamba mfuasi hawezi kumpelekea kiongozi kitu.

Kufikia siku ya tisini alama ilikwepa kushoto mara moja badala ya mbili. Siku ya tisini na tano ilikwepa pale tu Kalunde alipochoka. Mkono wa Nyamizi nao ulibadilika. Uliweza kushika mswaki, kufunga kifungo, kunyooka moja kwa moja hadi kwenye kikombe. Lakini alipojaribu kwa siri kushika penseli, vidole viliibonyeza karatasi mahali pamoja, vikatulia, vikangoja. Havikujua kama kuna safari mbele. Aliirudisha penseli chini ya daftari na kwenda kuosha vyombo.

*

Mchujo ulifanyika pale pale karakanani siku ya tisini na tisa. Kocha Ndimila alifanya uamuzi asubuhi ile, na alimwambia Kalunde mbele ya wote ili pasiwe na minong'ono. Mkono ulikuwa umerudi, lakini haujarudi wote. Mbele atapiga Wande. Kalunde atalinda njia nyembamba ya nyuma ya mlango, mahali ambapo mtu anaweza kungoja mchezo mzima na adui asije, kisha aje mara moja.

Nyamizi aliutazama uso wa binti yake ukilipokea neno hilo. Kalunde alisema, "Sawa, Kocha," akaenda kukaa.

Timu ya Shinyanga ilikuwa nzuri. Raundi zilikwenda hivi na hivi mpaka zikalingana kumi na moja kwa kumi na moja, na katika raundi ya kuamua Wande alitolewa mapema, Masele akamfuata, na wenzao wawili baada yake. Maadui watatu waliosalia walizunguka nyuma. Kalunde alikuwa peke yake katika njia ile nyembamba.

Nyamizi hakuwa na glavu. Mkono wake ulikuwa mtupu magotini. Hata hivyo aliujua ule wakati. Aliijua alama inavyokaa ukingoni mwa ukuta, na alijua kwamba sasa hivi, ndani ya kiganja ambacho hakuna mwingine aliyekiona, kuna ngumi inayokazwa. Wa kwanza alitokea, akapigwa. Wa pili alitokea akikimbia. Alama ikayumba, ikakwepa kushoto, na risasi ikagonga jiwe. Kalunde aliua mwendo wake, akangoja katikati ya hatari muda ambao kwa Nyamizi ulikuwa mrefu kama kwaresima, akapiga tena. Wa tatu alisita kwa kuwaona wenzake wameanguka, na kusita kwake kukammaliza.

Masele alipanda juu ya meza. Kocha Ndimila alikaa chini kwenye chuma cha reli, akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. Kalunde alipita katikati ya watu waliomnyanyulia mikono, akaja hadi kwenye kiti cha mama yake, akachuchumaa.

"Bado siku moja," alisema.

*

Siku ya mia moja walianza mapema. Kalunde hakuuliza kama watafanya. Aliweka daftari mezani, akaivaa glavu ya kiongozi, na Nyamizi akaunyoosha mkono wake kabla hajaambiwa.

Siku moja haikutosha kufundisha kuandika. Wote wawili walilijua hilo. Ilitosha neno moja, kama lingerudiwa mpaka jioni, na Kalunde alimtaka mama yake alichague. Alifikiri atachagua jina lake, kwa ajili ya sahihi.

Nyamizi alikuwa ameliwaza jambo hilo usingizini na akiwa macho. Karatasi za serikali zingeendelea kupokea dole gumba, wala hazingelalamika. Lakini mwezi ujao binti yake angekuwa Dodoma, na kungekuwa na vifurushi vya karanga na asali vya kutumwa, na bahasha, na juu ya kila bahasha kuna mahali pa kuandika inakwenda kwa nani.

"La kwako," alisema.

Kalunde alishika penseli. Akaanza.

Mkono wake haukutetemeka. Mwendo ulimwingia Nyamizi safi na wa polepole: mstari wa kushuka, mguu wa kutoka nje, mguu wa chini. Walisonga mbele herufi baada ya herufi. Kalunde aliandika jina lake kama alivyoliandika kwenye madaftari ya shule, kwa mkia mrefu mwishoni, na mara ya kwanza alipoufikia mkia ule aliona haya, akataka kuukata. Nyamizi alimkatalia. Waliliandika mara ishirini kabla ya chakula, na mara nyingi wasizohesabu baada yake. Jirani aliyekuja kupongeza aliwakuta wameinama, akaweka matango aliyoleta mlangoni, akaondoka akinyata.

Jua lilipokuwa limeshuka hadi kwenye dirisha la jikoni walilianza tena jina lile lile. K, kisha a, kisha l. Walipokuwa katikati ya u, Nyamizi aliona taa ya kijani kwenye kifundo chake ikififia, ikazimika.

Kalunde alikuwa ameinamia karatasi. Hakuiona. Mkono wake uliendelea, ukiamini kwamba unaongoza.

Hakuna kitu kilichomwingia Nyamizi tena kutoka nje. Kiganja kilikuwa kimya kama nyumba ambayo mgeni ametoka. Alikaza ngumi ndogo mahali pasipoonekana, akamaliza u. Akaandika n, iliyopinda. Akaandika d. Kisha akaandika e, na akauvuta ule mkia mpaka ukingoni mwa karatasi, polepole, ili binti yake asijue bado kwamba alikuwa ameshaachiliwa.